Mhusika hupatikana daftarini kabla ya kupakwa rangi

Ndugu uliyeuliza kwa nini msichana unayemchora ukurasa wa kwanza wa kitabu chako cha watoto huwa mtoto mwingine kabisa afikapo ukurasa wa tano, na kama dawa yake ni kumnakili kwa karatasi angavu: mimi nisingekushauri unakili. Kwa sasa unaijua picha moja tu ya msichana huyo, na ukiinakili utapata sura ileile ikitazama upande uleule, ilhali hadithi inamtaka ainame, akimbie, anune na asinzie begani kwa bibi yake. Nimechora vitabu vya watoto kwa miaka kadhaa, na wahusika wangu wote nimewapata kwenye michoro ya harakaharaka ya daftarini, muda mrefu kabla sijagusa rangi.

Anza na mwili; uso utafuata. Wengi wanaoanza kazi hii huchora mtoto kama mtu mzima aliyepunguzwa kimo, kisha humwongezea macho makubwa ili apendeze. Kipimo chako kiwe kichwa chenyewe: mtu mzima hufikia urefu wa vichwa 7 au saba na nusu, mtoto wa miaka 5 huwa kati ya 5 na 6, na wa mwaka mmoja huwa kama 4 tu. Macho ya mtoto mdogo nayo hukaa chini kidogo ya nusu ya kichwa, ndiyo maana paji lake huonekana pana. Ukivishika vipimo hivi, msichana wako atabaki na umri wake hata ukimchora amekupa mgongo.

Kisha toka nje na daftari, uombe ruhusa kwa wazazi, na uchore kwa kalamu ya wino ili usishawishike kufutafuta. Mtoto aliyembeba mdogo wake kiunoni husukuma nyonga upande mmoja na kuegemea upande wa pili. Aliyejitwika ndoo hunyoosha shingo, na akiitwa hugeuza macho tu. Mikao ya namna hii hueleza tabia kuliko tabasamu lolote, na hutaipata kwenye katuni za simuni, ambazo kwa maoni yangu zimewafanya watoto wa vitabu vyetu wafanane kupita kiasi.

Wanyama nao huhitaji subira hiyohiyo. Nilipopewa hadithi ya Fisi mlafi, nilijaribu kwanza kumsimamisha kwa miguu miwili na kumvika shati, jinsi tulivyozoea kuona, lakini kila mchoro ulinipa mbwa. Fisi ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo wake huteremka kutoka mabegani hadi mkiani, na mteremko huo hupotea mara anaposimama wima. Nikamrudisha kwenye miguu minne, na hapo akaanza kusema: kichwa kikiinuka juu ya mabega anajigamba, kikishuka chini ya mabega ana haya au anavizia, na yale masikio ya mviringo ya fisi madoa yakilazwa nyuma anaogopa. Mwishowe niliamua kwamba atasimama wima pale tu anapodanganya, uamuzi ambao haukuwamo kwenye maandishi ya mwandishi na ambao aliupokea kwa furaha.

Ukishampata mhusika, mjaze wino mweusi mwili mzima. Asipotambulika kwa umbo hilo tupu, bado hajakamilika. Akitambulika, mchoree karatasi yake moja: mbele, ubavuni, nyuma, na akiwa amesimama pamoja na wenzake ili urefu wao usibadilikebadilike. Bandika karatasi hiyo ukutani mpaka kitabu kiishe.

Halafu kunja karatasi utengeneze kitabu kidogo cha majaribio. Vitabu vya picha huwa na kurasa 16, 24 au 32 kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Humo mchore mhusika akiwa na ukubwa wa kidole gumba. Kama huzuni yake haionekani kwa ukubwa huo, nyusi na machozi hayataiokoa baadaye. Angalia pia uso wake usiangukie kwenye mkunjo wa katikati, ambako gundi au pini humeza sehemu ya picha.

Mavazi uyachague mapema, yawe mepesi kurudia, kwa kuwa utayachora karibu kila ukurasa. Ukimvika bibi kanga, chora pindo lake vizuri na mji, yaani sehemu ya katikati, uuachie ua moja kubwa. Jina la kanga, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, likionekana, liandike lote bila kuruka herufi, kwa sababu mtoto anayejifunza kusoma atasimama hapo alisome.