Ndege wako kafa? Usikimbilie kununua mwingine wiki hiyo hiyo

Jamani naandika hii kwa sababu kuna dada nafanya naye kazi ndege wake kafa juzi, jana asubuhi ananiambia jioni anaenda kutafuta mwingine wa rangi ile ile. Nikamwambia dada yangu tulia kwanza, mi nilishapita huko na nilikula hasara mara mbili.

Wangu alikuwa lavubedi, kale kakasuku kadogo, nilimlea toka kifaranga tukiwa tunakaa Nyakato, hapa Mwanza, nikamwita Pilipili maana alikuwa anauma vidole si mchezo. Nikirudi kazini nilikuwa naanza kusikia kelele zake hata geti sijafungua. Sasa asubuhi moja nimebandika frampeni kwenye gesi, zile nyeusi ambazo chakula hakigandi, nikatoka kumfungulia kijana wa maji, stori zikanoga pale mlangoni, narudi nakuta frampeni imekauka inatoa kamoshi kembamba tu, wala sio ka kutisha, mi mwenyewe nilikohoa mara mbili basi. Pilipili alikuwa chini kwenye tundu, mabawa kayatandaza, anahema mdomo wazi. Dakika chache tu, kwisha habari.

Jirani akasema ni jicho baya la watu. Na mi nikakubali, maana sikuwa na jibu lingine.

Baadaye sana ndo nikaja kujua, kile wanachopaka kwenye frampeni zisigandishe kikiungua kinatoa hewa inayoua ndege haraka mno. Ndege mapafu yake sio kama yetu, akivuta pumzi hewa inapita mpaka kwenye vifuko vilivyotapakaa mwilini, kwa hiyo sumu kidogo ambayo kwako ni kikohozi kwake ni kifo. (Parachichi nalo usimpe kasuku, ni sumu kwao, nasema tu kwa sababu huku kwetu kila mtu analo jikoni.) Ndo maana cha kwanza kabisa kabla ya kuwaza ndege mpya, jua yule wa kwanza kafa na nini. Usipojua unamleta mwenzie kwenye shimo lile lile.

Mi sikufanya hivyo. Siku ya sita nikanunua mwingine, barabarani, kwa vijana wenye tenga, wa kijani mdomo mwekundu kama marehemu, nikamwita Pilipili tena, we fikiria! Akawa kila nikisogea anajipigiza kwenye nyaya, paji la uso manyoya yote yakapukutika ikabaki ngozi, kula hali, na mi badala ya kumhurumia namkasirikia kwamba mbona mwenzio alikuwa anapanda begani. Wiki ya tatu akafa. Kumbe wale wa kijani wenye uso wa chungwa kwao ni hapa hapa, kusini mwa Ziwa Victoria mpaka Serengeti huko, na yule alikuwa katoka porini moja kwa moja, hajawahi kuona sebule. Na tukumbushane, ndege wa porini humfugi hivi hivi, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inataka uwe na kibali. Kwa hiyo ukiona ndege anajirusha hivyo kila mtu akimkaribia, achana naye, hata kama bei ni ya kuokota.

Nikakaa kama miezi minne hivi bila ndege. Halafu kuna babu mmoja Igogo, kule juu kwenye mawe, anafuga njiwa, nikapelekwa na rafiki yangu. Nikamwamkia shikamoo babu, nataka ndege anayefanana na wangu aliyekufa, nikamtolea na picha kwenye simu. Hata hakuiangalia vizuri. Akaniuliza, "Unatoka nyumbani saa ngapi?" Nikasema kumi na mbili asubuhi, narudi saa moja usiku. "Na nani anabaki?" Hamna mtu. "Sasa mjukuu wangu, hako kakasuku kakikaa peke yake siku nzima si unakatesa? Chukua njiwa wawili, watapigiana stori wenyewe."

Ilikuwa kweli, wakati wa Pilipili mdogo wangu alikuwa anashinda nyumbani, sa hivi kaolewa.

Babu akanikalisha mbali na banda kama robo saa hivi, akasema ndege mgonjwa akiona mtu anajikaza aonekane mzima, we ngoja akusahau. Angalia yupi kajitutumua manyoya na jua lote hili, yupi mkia unacheza juu chini kila akihema. Hao waache. Akamshika mmoja akaniambia papasa hapa, mfupa wa kidari, ukiwa umechongoka kama kisu kakonda huyo. Akamgeuza nyuma kwenye kinyesi, manyoya yawe makavu. Rangi hata hatukuzungumzia.

Kilichobaki ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku, maana majirani wana kuku na njiwa nao unawapata ugonjwa wa namna hiyo, ulizia chanjo kwa mtaalamu wa mifugo wa kata. Na mwewe, wa Mwanza mnawajua wenyewe.

Lakini babu alinisisitiza kitu kimoja, nisiwafungulie mpaka ziishe wiki kadhaa, njiwa mkubwa hasahau kwao. Mi wiki ya pili nikaona wameshazoea, nikafungua. Jike akabaki juu ya bati, dume akazunguka mara mbili akapotea. Jioni simu inaita, babu: "Mjukuu wangu, mgeni wako yuko huku, kashakula mtama na kalala." Kesho yake nikapanda daladala na boksi langu la matundu kwenda kumchukua.