Maswali Yenu: Msiba wa Japani na Sisi Tulio Mbali

Tangu Ijumaa ile ya tarehe 11 Machi 2011, saa mbili na dakika 46 asubuhi kwa saa zetu, ambapo Japani ilikuwa saa nane na dakika 46 mchana, meza ya safu hii imejaa barua zinazohusu tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 9.0 na tsunami iliyolifuata katika pwani ya kaskazini-mashariki ya nchi hiyo. Tunapoandika, mwishoni mwa Machi 2011, waliothibitishwa kufa wamepita 11,000, na wasiojulikana walipo ni wengi kuliko hao. Barua zinazotaka habari tu tumeziweka kando, kwani redio zimekwisha kuzijibu. Tumechukua zile zinazouliza, kila moja kwa njia yake, mtu aliye mbali afanye nini.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilisoma sekondari mkoani Kilimanjaro, na hisabati nilifundishwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, mwanamke kijana aliyekaa nasi miaka miwili. Alikuwa akifagia darasa pamoja nasi, jambo ambalo hatukuwahi kuliona kwa mwalimu, na alipoondoka aliniachia mkebe wake wa vifaa vya hisabati, ambao mwanangu anautumia hadi leo. Kwao ni mkoa wa Miyagi. Nimeipiga namba aliyonipa zamani mara kumi na mbili, haipatikani. Nimetuma barua pepe mbili, kimya. Chakula hakinishuki. Mke wangu ameniuliza, kwa upole, kama ningekuwa hivi kwa ajili ya jirani. Je, nina haki ya kumwomboleza mtu ambaye sijui kama amekufa? Na nikimwandikia tena, nimwambie nini? — Mwanafunzi wa zamani, Moshi

JIBU: Tuanze na simu, kwa kuwa hilo linaweza kurekebishwa leo hii. Acha kupiga. Minara mingi ya simu katika eneo lile imekosa umeme au imesombwa, na njia chache zilizobaki zinagombaniwa na waokoaji, hospitali na watu wanaotafuta watoto wao. Wajapani wenyewe, wakati wa maafa, huombwa wasipigiane, bali waachiane ujumbe wa sauti kupitia namba maalumu, 171. Kwa sisi tulio nje kuna orodha mbili za kutafutia watu kwenye intaneti, moja ya kampuni ya Google na nyingine ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Tatizo ni kwamba majina mengi humo yameandikwa kwa herufi za Kijapani, hivyo ukiandika jina lake kwa herufi zetu unaweza kulikosa hata kama limo. Ufungue mkebe huo, utazame ndani ya kifuniko. Ikiwa mwalimu aliandika jina lake humo kwa maandishi ya kwao, lipige picha na umtafute mtu anayejua Kijapani akuandikie.

Pili, usiisome kimya hiyo kama jibu. Katika siku za mwanzo watu zaidi ya laki nne walikuwa wakilala katika kumbi za michezo za shule na majengo ya umma, huku theluji ikianguka nje, bila umeme, na wengi wakiwa wameacha simu zao katika nyumba zisizokuwapo tena. Fikiria pia kwamba Miyagi ni mkoa mpana, na maji hayakufika sehemu zake zilizo mbali na pwani. Tena mtu ambaye kwao ni Miyagi anaweza kuwa anaishi Tokyo au Osaka, kama vile wewe uliyesoma kijijini unavyoishi mjini leo.

Sasa swali la mkeo. Hakukosea kuuliza, na wala wewe hujakosea. Ila tunadhani umelipa jambo lako jina lisilo lake. Kwetu matanga hayawekwi kabla ya habari kufika. Wake wa mabaharia waliokwenda na pepo za kaskazi na kusi walikaa miezi bila kujua, wala hawakuvaa nguo za eda; walikuwa wakingoja. Kungoja nako kunakondesha. Lakini anayengoja hula, kwa sababu hajui lini ataitwa.

Ama barua, iandike, na uiandike kwa Kiswahili kama aliijua lugha yetu, maana hakuna atakayemwandikia kwa lugha hiyo isipokuwa ninyi. Hapa, hata hivyo, tabia yetu ya kuandika barua inaweza kutuponza. Sisi huanza na salamu ndefu, “natumaini u mzima wa afya kama mimi nilivyo huku”, sentensi ambayo kwa mtu aliyefiwa au kupotelewa na nyumba haivumiliki. Wajapani nao huanza barua zao kwa kuyataja majira ya mwaka, maua au baridi, ila katika barua ya kumpa mtu pole, ambayo huiita omimai, desturi yao ni kuiacha dibaji hiyo yote na kuingia moja kwa moja katika jambo. Vilevile huepuka maneno yanayorudiwarudiwa, kwa kuhofia kwamba yanauita msiba urudi. Kwa hiyo “pole sana, pole tena na tena” yetu, iliyo tamu kwetu, ipunguze iwe pole moja. Usimwambie ajikaze, bila shaka amekwisha kuambiwa hivyo na kila mtu. Usimuulize amempoteza nani. Ungeweza kuandika hivi tu: “Mwalimu, mimi ni yule wa Moshi uliyemwachia mkebe. Tumesikia yaliyoifika Miyagi, na nyumbani kwetu tunakuwaza wewe na jamaa zako. Pole. Usihangaike kujibu.” Sentensi hiyo ya mwisho usiisahau, maana ndiyo itakayomruhusu kuisoma barua yako bila kuiona kuwa deni.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama wa mtaa mmoja hapa Mombasa. Tumekusanya magunia manne ya nguo, mablanketi, leso mpya na mchele kidogo kwa ajili ya wenzetu wa Japani. Tunaomba mtuelekeze pa kuvipeleka. Baadhi ya waume zetu wanatucheka kwamba maskini wanamchangia tajiri. — Katibu wa kikundi

JIBU: Mama zetu, tunawaomba radhi kwa jibu ambalo halitawafurahisha: msivipeleke. Nauli ya kuyasafirisha magunia manne hadi Japani huenda ikashinda thamani ya vilivyomo, na yakifika yatahitaji watu wa kuyafungua, kuchambua, kukunja na kugawa, mahali ambapo kila mkono unahitajika kwa kazi nyingine. Haya tuliyaona baada ya tsunami ya mwaka 2004 katika jimbo la Aceh, Indonesia, ambako misaada iliyotumwa kwa moyo safi, nguo zisizovalika kule na dawa zilizopita muda wake au zenye maandishi yasiyosomeka, iligeuka kuwa mzigo wa kutafutiwa ghala na hatimaye mahali pa kuteketezwa.

Nguo hizo ziuzeni katika soko la Kongowea. Mchele upikeni kwa mwenye shida aliye mtaani. Fedha mtakazopata zipelekeni Msalaba Mwekundu wa Kenya au ubalozi wa Japani, mkabidhi wenyewe kwa mkono na kupewa stakabadhi, wala msizitume kwa namba yoyote mliyoipata katika ujumbe wa simu, hata kama ujumbe umetoka kwa shemeji. Muulizeni pia anayepokea kwamba zikizidi mahitaji zitakwenda wapi. Mwezi Januari 2005 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliwatangazia wafadhili wake kwamba limekwisha kupata fedha za kutosha kwa ajili ya tsunami, na likawaomba wasilete zaidi kwa kazi hiyo. Wengine walikasirika. Sisi tunaona kwamba shirika linaloweza kusema “basi, zimetosha” ndilo la kuaminiwa siku nyingine.

Kuhusu waume zenu, tunawauliza: wakienda kuhani kwa mfanyabiashara mwenye maduka sita, huacha kutoa mkono wa pole kwa kuwa ana fedha? Rambirambi haipimwi kwa mfuko wa mfiwa. Ni kweli kwamba Japani haitasimama au kuanguka kwa shilingi zenu, na ni vizuri kulikubali hilo bila uchungu. Kama mnataka kitu chenu chenyewe kifike, teueni leso moja, ile yenye jina lenye kufariji kuliko zote, mwandike tafsiri ya maneno yake kwenye karatasi, mwipeleke ubalozini pamoja na barua. Hiyo itakuwa salamu, na mwenye kuipokea ataipokea kama salamu.

SWALI: Mhubiri mmoja ametuambia kwamba Mungu amewaadhibu watu wale. Mnasemaje? — Msomaji, Kigoma

JIBU: Huyo mhubiri hayuko peke yake. Gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisema tarehe 14 Machi kwamba tsunami ilikuwa adhabu ya mbingu kwa ubinafsi wa Wajapani, na kesho yake aliomba radhi hadharani. Tetemeko lilitokea kwa sababu bamba la miamba lililo chini ya Bahari ya Pasifiki husukumwa chini ya Japani mwaka hata mwaka, na pale lilipokuwa limekwama liliachia ghafla. Nani aliyeumba mabamba hayo ni swali la imani, na hatuliingilii. Tunachokiona sisi ni kwamba maneno ya adhabu hutoka kwa urahisi zaidi katika kinywa cha mtu ambaye nyumba yake bado imesimama.

SWALI: Nimepokea ujumbe wa simu kwamba mvua yenye mionzi kutoka Fukushima itanyesha Afrika Mashariki na kwamba tule chumvi nyingi. Nimeusambaza kwa watu thelathini. Je, nilifanya vyema? — Mwanafunzi, Kampala

JIBU: Hapana. Ujumbe wa namna hiyo ulisambaa Ufilipino tarehe 14 Machi ukijifanya umetoka BBC, ukiwashauri watu wajifungie ndani na wajipake shingoni dawa ya vidonda yenye ayodini, madini ambayo kwa kipimo maalumu huikinga tezi ya shingoni na baadhi ya mionzi, na chuo kikuu kimoja kikasitisha masomo. China nako watu waligombania chumvi hadi ikaisha madukani, ingawa ayodini iliyomo katika chumvi ya mezani ni chache mno kiasi kwamba mtu angedhurika kwa chumvi kabla ya kukingwa nayo. Mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi, ulioharibiwa na tsunami hiyo, uko mbali nasi kwa zaidi ya kilomita 11,000. Hatari yake kwa waliohamishwa katika eneo la kilomita 20 kuuzunguka ni ya kweli, na uvumi wako unawafanya hao waonekane kama mchezo. Waandikie wale wale thelathini uwaambie ulikosea. Ukitaka habari zinazotoka huko huko, NHK ya Japani hutangaza kwa Kiswahili.

SWALI: Mimi ni mvuvi, Malindi. Mwaka 2004 niliona kwa macho yangu bahari ikikupwa wakati usio wake, kisha ikarudi kwa nguvu. Wimbi hili la Japani linaweza kutufika? — Nahodha wa ngalawa

JIBU: La Japani halikutufika. Lilisafiri katika Bahari ya Pasifiki, likaharibu mashua hadi California, lakini kati yake nasi kuna nchi kavu na visiwa vingi. Hatari yetu iko upande wa Sumatra, kisiwa cha Indonesia, ambako tetemeko la tarehe 26 Desemba 2004 lilitokea, likaua watu zaidi ya laki mbili katika nchi kumi na nne. Somalia walikufa wapatao 300, Hafun ikiumia kuliko kwingine. Tanzania wasiopungua kumi, na Kenya mmoja. Wimbi kama lile hukimbia kilindini kama kilomita 700 kwa saa, lakini huko urefu wake haufiki hata mita moja, kwa hiyo aliye ndani ya chombo halihisi. Likifika maji haba hupunguza mwendo na kujiinua. Kutoka Sumatra hadi kwetu lilichukua saa kadhaa, muda uliotosha kwa habari za redio na televisheni kutufikia na ufuo wa Kenya kuondolewa watu, ingawa wakati ule bahari yetu haikuwa na mfumo wowote wa tahadhari. Sasa upo, chini ya UNESCO.

Wenzetu wa Japani walipata tahadhari dakika tatu baada ya tetemeko, ila wengi walikuwa na nusu saa tu kabla ya maji. Katika mji wa Kamaishi wanafunzi wapatao 3,000 wameokoka, isipokuwa wachache mno, kwa kuwa walifundishwa jambo ambalo kwetu linasikika kama ukatili: tetemeko likitokea, kila mtu akimbilie mlimani kivyake, bila kumngoja mwenzake. Wao huliita tendenko. Mama akijua kwamba mwanawe amekwisha kukimbia, hatarudi kumtafuta. Kisiwa cha Simeulue, jirani kabisa na kitovu cha tetemeko la 2004, kilipoteza watu saba tu kati ya kama 78,000, kwa sababu tangu wimbi la mwaka 1907 wazee wake waliwasimulia wajukuu neno moja, smong: bahari ikikupwa baada ya ardhi kutikisika, kimbia juu.

Kwa hiyo ukiwa ufukweni ukayaona tena uliyoyaona mwaka ule, iache ngalawa na nyavu zake. Ukiwa tayari umo kilindini na habari ikakufikia, usirudi ufukweni kuwafuata watu wako. Baki huko huko kwenye maji marefu mpaka utangaziwe kwamba hatari imepita. Jambo hilo mliseme nyumbani mapema, jioni moja mkiwa mmekaa, ili mkeo asije akasimama mchangani kukungoja.