Jibu: sakafu inayotoa unga mweupe chini na kubonyea ghorofani, nyumba ya mawe Lamu

Assalamu alaykum, dada yangu. Umeeleza matatizo matatu katika nyumba mliyorithi mtaa wa Mkomani: vigae vya msana wa chini (ule ukumbi mrefu unaoelekea uani) vinainuka na viungo vyake vinatoa unga mweupe; sakafu ya chumba cha ndani ghorofani imebonyea katikati hadi kabati likainama; na sakafu ya saruji ya jikoni, mliyoitia mwaka jana, imejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Fundi amekushauri mmwage zege la inchi 2 juu ya sakafu zote tatu, kisha mtandike vigae vipya. Nakuomba usimruhusu aanze kabla hujasoma maelezo haya. Mimi si fundi, ni mwalimu, lakini nimelelewa katika nyumba ya aina hiyo hiyo, nimeisimamia tangu mama alipozeeka, na ushauri kama huo niliwahi kuukubali nikaishia kulipia sakafu moja mara mbili.

Nitaanza na ghorofani ingawa wewe umeitaja katikati, kwa sababu huko mtu anaweza kuumia.

Sakafu ya juu ya nyumba zetu za kale haina zege ndani yake. Chini kabisa kuna boriti za mikoko zilizopangwa kutoka ukuta hadi ukuta; juu ya boriti hulazwa vipande vya mawe ya matumbawe; juu ya mawe hujazwa kifusi na chokaa; na juu ya yote huwa tabaka la chokaa lililopigwa kwa mbao hadi likashikana. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, vingi havifikii upana wa mita 3, kwa kuwa urefu wa boriti ndio ulioamua upana. Sakafu hiyo ni nzito tayari. Zege la inchi 2, yaani kama sentimita 5, lina uzito wa takriban kilo 120 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba chenye upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 6 kina mita 15 za mraba, kwa hiyo fundi anataka kuongeza kilo 1,800 juu ya boriti ambazo hajazitazama. Hebu fikiria mifuko 36 ya saruji ya kilo 50 imepangwa humo na haitaondolewa tena. Kwa sakafu ambayo imeshabonyea, huo si ukarabati.

Shuka chumba cha chini, uwashe tochi, utazame juu. Usishughulike sana na katikati ya boriti. Anza na vichwa vyake, pale zinapoingia ukutani, kwa maana hapo ndipo unyevu hujificha na ndipo mchwa huanzia. Tafuta vijia vya udongo vinavyopanda ukutani kuelekea kwenye boriti, na mahali ambapo rangi ya mti imegeuka nyeusi. Kisha chukua bisbisi uichomeke kwa nguvu ya mkono tu. Boriti nzima huikataa, hata kama ina umri wa kumzidi babu yako, lakini iliyooza huipokea kama mkate. Igonge vilevile kwa mpini wa nyundo: iliyoliwa ndani hutoa sauti butu, na pengine huangusha vumbi.

Baada ya hapo panda juu upime. Vuta uzi kutoka ukuta mmoja hadi wa pili kupitia pale palipobonyea, ukazwe sana na miisho yake iwe kwenye kimo kimoja, kisha pima umbali kutoka kwenye uzi hadi sakafuni. Andika kipimo na tarehe kwa penseli ukutani, urudie kila mwezi mahali pale pale. Mti hujipinda polepole ukibeba mzigo kwa miaka mingi, na mbonyeo wa kale uliotulia hauna neno. Kwetu, chumba kikubwa kilikuwa na mbonyeo wa sentimita 3. Niliupima kwa miezi minane haukuongezeka hata kidogo, boriti zote zikawa ngumu, nami nikauacha ulivyo, nikaweka vipande vya mbao chini ya miguu ya kabati. Nusu ya waliokuja kunishauri hawakupendezwa na uamuzi huo, na sakafu bado ipo.

Upande wa choo mambo yalikuwa tofauti. Birika, yaani tangi la maji lililojengwa humo, lilikuwa na ufa usioonekana, maji yakawa yanapenya ukutani kidogo kidogo, na vichwa vya boriti mbili vilikuwa vimeoza kabisa wakati sakafu ya juu ingali nzuri kuitazama. Tuliziba birika kwanza, tukasubiri ukuta ukauke, na kukauka kwenyewe kulichukua karibu miezi mitatu. Kisha fundi alisimamisha miti ya kuegemeza chini, akaikaza taratibu hadi ikabeba uzito bila kuinua sakafu, maana ukijaribu kuinyoosha sakafu ya chokaa kwa kuisukuma kutoka chini itapasuka kila mahali. Hakuzing'oa boriti mbovu. Aliingiza boriti mpya kando ya kila moja, vichwa vikaingia ukutani kiasi cha sentimita 15 kila upande, na akaacha nafasi ndogo ya hewa kuzunguka kichwa badala ya kukifunga kwa saruji. Mkinunua boriti, ulizeni kama muuzaji ana kibali, kwa kuwa ukataji wa mikoko unasimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya, na chagueni zilizonyooka na kukauka.

Sasa msana wa chini. Huu unga mweupe ni chumvi. Ardhi yetu ina chumvi, maji ya visima vingi mjini yana chumvi, na mawe yenyewe yametoka baharini. Maji ya ardhini hupanda kupitia vitundu vidogo vya mawe na chokaa, yakifika juu hukauka, na chumvi hubaki. Sakafu ya chokaa huruhusu unyevu huo utoke polepole, mahali pengi, bila fujo. Ukiifunika kwa saruji ngumu na vigae, maji hayakomi kupanda, bali hutafuta pa kutokea. Kwanza hutokea kwenye viungo vya vigae, na chumvi inapoganda chini ya kigae huvimba na kukisukuma, ndipo kikaanza kulia kama debe tupu ukikigonga. Kisha huhamia kwenye kuta.

Hilo ndilo lililonipata. Nilitandika vigae vyeupe vya kupendeza juu ya sakafu ya zamani, wageni wakasifu, na baada ya misimu miwili ya mvua lipu ya kuta, ambayo haikuwahi kunisumbua tangu utoto wangu, ikaanza kubanduka hadi usawa wa goti. Nilidhani lipu ndiyo mbovu, nikamlipa fundi aibandue na kupiga nyingine ya saruji. Unyevu ukapanda hadi kiunoni. Sikumlaumu fundi, kwa sababu alifanya nilichomwomba, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza maji yanatoka wapi.

Kwa hiyo usivunje chochote kabla ya kujiuliza hivyo. Kata kipande cha nailoni safi chenye upana wa nusu mita kila upande, ukibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne hewa isipite, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, maji yanatoka ardhini. Ukikuta sakafu chini yake ni kavu na umande uko juu, huo ni unyevu wa hewa tu, na dawa yake ni kufungua madirisha. Fanya jaribio hilo mahali patatu: karibu na choo, katikati, na karibu na ukuta wa nje. Kwetu, karibu na ukuta wa nje palikuwa na maji mengi kuliko kwingine, na tulipotoka nje tukaona bomba la maji ya mvua kutoka darini linamwaga juu ya msingi. Kulirefusha bomba hilo hadi mferejini kulipunguza unyevu kuliko kazi nyingine yoyote tuliyoifanya, na kulitugharimu nusu siku ya fundi.

Wakati unasubiri, usiuoshe ule unga kwa maji, kwa sababu utaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani ya sakafu. Ufagie ukiwa mkavu kwa brashi ngumu, ukusanye, utupe mbali na nyumba. Usiruhusu mtu yeyote alete asidi au siki, maana vyote viwili hula chokaa.

Ikithibitika kwamba maji yanatoka ardhini, nashauri mvunje vigae pamoja na saruji iliyo chini yake hadi mfikie chokaa cha zamani au udongo, muache sakafu wazi ipumue hadi unga upungue, kisha mrudishie chokaa. Sisi tulitumia chokaa kilichozimwa na kulowekwa shimoni wiki kadhaa, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, tukakitandaza kwa matabaka mawili na kukipiga kwa vibao siku baada ya siku kila kilipoanza kukaza. Chokaa hakikazi kama saruji. Hukaza kwa kuvuta hewa, polepole, na kikikaushwa haraka hugeuka unga. Tulikifunika kwa magunia tuliyoyarashia maji asubuhi na jioni kwa muda wa wiki mbili, na hatukuweka vyombo vizito kwa karibu miezi miwili. Chokaa kibichi huunguza ngozi, na kikiingia jichoni ni hatari kubwa, kwa hiyo watoto wakae mbali siku za kazi.

Kuhusu mchanga, msitumie wa pwani bila kuuosha. Tia gao la mchanga katika kikombe cha maji safi, koroga, acha utuame, kisha mimina yale maji katika sahani nyeusi uiache juani. Yakiacha ukungu mweupe mzito, mchanga una chumvi, na mtakuwa mnaijenga sakafu kwa maradhi yale yale mnayotaka kuyaondoa. Osheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mrudie jaribio. Wala msichukue mchanga kwenye vilima vya Shela, kwa kuwa vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu tunayokunywa mjini.

Ikiwa familia haiwezi kuishi bila vigae, basi mtandike katika vyumba vya juu ambavyo boriti zake mmezikuta nzima, au chini pale tu ambapo nailoni imetoka kavu. Mkivitandika, gundi ienee chini ya kigae chote badala ya kuwekwa madonge manne kwenye pembe, na muache nafasi ya kama milimita 8 kando ya kuta zote, ifichwe na kigae cha ukutani.

Ya jikoni ni nyepesi. Nyufa za utando, nyembamba kuliko ukucha, kwa kawaida ni dalili kwamba saruji ilikauka upesi mno au niru, ule uji wa saruji wa kulainishia juu, ilitiwa nzito. Kama kazi ilifanywa wakati wa kaskazi, mlango wazi, upepo ukapita juu ya saruji mbichi na hakuna aliyeimwagia maji, jibu ni hilo. Gonga sakafu yote kwa mpini wa nyundo, na pale panapotoa sauti ya uwazi chora mduara kwa chaki. Pasipolia uwazi, nyufa hizo hazina madhara na unaweza kuziacha. Palipolia uwazi, kateni kipande chenye kingo zilizonyooka hadi mfikie sehemu ngumu, mfagie vumbi lote, mloweshe, mpake uji wa saruji, kisha mjaze mota ya saruji sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, muilinde kwa magunia yenye maji siku 7. Watu wengi huilowesha siku moja wakaona inatosha. Lakini ukiona ufa mmoja mpana unaokata chumba moja kwa moja, na upande mmoja umeshuka kuliko wa pili, huo si wa juu juu, ni ardhi inayotitia, na hapo mwite mtu wa kuchunguza msingi na mabomba ya maji machafu.

Jambo moja la kiofisi: Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya wana watu hapa mjini wanaoshughulikia nyumba za kale. Kabla ya kugusa boriti, pita kwao. Mimi nilikwenda nikitarajia kukatazwa, nikarudi na jina la mzee anayejua kupiga chokaa.

Utaratibu wa kazi, kwa maoni yangu, uwe hivi: choo na mabomba kwanza, boriti baadaye, msana wa chini mwisho, jikoni inaweza kufanywa wakati wowote. Kabati la ghorofani lihamishwe leo hii, liegemee ukuta ambao vichwa vya boriti vinaingia, wala lisikae katikati. Ukishapima uzi mara mbili na kuitoa nailoni, andika vipimo hapa pamoja na picha ya vichwa vya boriti, nami nitakueleza ninavyoviona.