Kifaa cha kushukia, cha kushushia au cha kushikia?

SWALI: Ninafasiri mwongozo wa kupanda miamba. Kuna kifaa cha chuma kinachopitishiwa kamba, ambacho aliye chini hukitumia kumlinda mwenzake anayepanda, na mpandaji naye hukitumia anapoteremka. Nimekiita “kifaa cha kushushia” kila mahali, lakini mhariri amekataa. Je, nimekosea?

JIBU: Mhariri yuko sahihi. Anayeteremka ukutani huku kamba ikipita kwenye kifaa kilichofungwa kiunoni mwake anashuka, kwa sababu mwendo anaudhibiti kwa mkono wake mwenyewe. Anayening’inia wakati mwenzake aliye chini anaachia kamba polepole anashushwa. Kifaa chaweza kuwa kilekile, ila kimehamia kiunoni mwa mtu mwingine, na mtu akiegemea kamba akidhani atashushwa, ilhali mwenzake ameelewa kwamba atashuka mwenyewe na ameshaiachia, ataanguka. Ajali za namna hiyo zimekwisha kutokea.

Kauli ya kutendea inatufaa sana hapa. Andika “kifaa cha kushukia” unapoeleza mpandaji anayeteremka mwenyewe, na “kifaa cha kushikia kamba” unapoeleza ulinzi wa anayepanda, kazi ambayo hata kitendo chake tunaweza kukitaja bila kuazima neno: Juma anamshikia Asha kamba. Ukihitaji jina moja la jumla, “kifaa cha msuguano” linatosha, maana vyote, kuanzia kile chenye umbo la nane hadi kile chenye matundu mawili kinachotumiwa pamoja na karabina (pete ya chuma yenye mlango unaofunguka), hufanya kazi kwa kuipinda kamba na kuisugua, hivi kwamba mkono mmoja unaweza kuuzuia uzito ambao peke yake usingeuweza.

Jihadhari, hata hivyo, na sentensi “kifaa kinashika kamba”. Kwa kifaa cha matundu mawili si kweli: kifaa huongeza msuguano tu, na mkono uliokamata upande wa chini wa kamba ndio unaoshika, ukiachia, kamba inakimbia. Grigri, aina nyingine ya kifaa hiki iliyotolewa na kampuni ya Petzl mwaka 1991, ina kipande kinachozunguka na kuibana kamba inapovutwa ghafla, lakini hata hiyo ningeiandika “inasaidia kushika”, kwa kuwa mkono haupaswi kuondoka kwenye kamba. Vilevile, kamba husuguana na kifaa. Usiandike “kifaa kinasuguana kamba”.

Neno “kushushia” usilifute kabisa. Libakize pale tu ambapo mtu mmoja anamteremsha mwingine. Katika sura ya amri, tenga waziwazi “Nishushe!” na “Ninashuka!”, ambazo kwenye upepo zinakaribiana masikioni, na uanze kila amri kwa jina la mwenza: “Juma, nishushe!”