Podikasti za uhalifu za kusikiliza kwenye treni ya Tabora–Kigoma

Dada, umeuliza usikilize nini njiani kwenda Kigoma, bila kumaliza bando. Anza na Serial, msimu wa kwanza wa 2014: sehemu 12, kuhusu mauaji ya msichana wa shule huko Baltimore, Marekani, mwaka 1999. Mtangazaji anakiri mashaka yake waziwazi, na hapo ndipo utamu ulipo. Usitafute jina la mshtakiwa mtandaoni kabla hujamaliza, kwani kesi iliendelea miaka mingi na utajiharibia.

Podikasti nyingine ni In the Dark; msimu wake wa pili naupa alama za juu zaidi. Unamhusu Curtis Flowers, mtu aliyeshtakiwa mara sita kwa kosa lile lile la mauaji katika jimbo la Mississippi, Marekani, na waandishi wakapekua kumbukumbu za mahakama karatasi kwa karatasi. Zote ni za Kiingereza. Kama kinakuchosha, punguza kasi iwe 0.8.

Sasa bando. Sauti ya kbps 128 (kilobiti kwa sekunde, yaani kipimo cha ubora wa sauti) hula karibu MB 58 kwa saa, ya kbps 64 nusu yake. Pakua Tabora mjini, ukipata Wi-Fi, maana njiani mtandao hukatika na programu hurudia kupakua upya. Kosa la wengi: programu hupanga sehemu mpya juu, mtu anaanza na mwisho wa kesi! Geuza mpangilio, ya zamani kwanza. Zima pia ufutaji wa moja kwa moja, halafu weka simu hali ya ndege ujaribu kucheza sehemu mbili tatu kabla hujaenda stesheni. Pawabenki usisahau.