Taa zikififia ukipiga honi, anza na athi

Kaka, umeniambia taa za pikapu yako hufifia ukipiga honi, miguuni kuna joto na kiti kimechoka. Usikimbilie kununua betri mpya. Pikapu ya zamani inayolala karibu na bahari, kama hapo kwenu Wete, kutu mara nyingi huanza kwenye athi, yaani pale waya wa hasi unapofungwa kwenye chuma cha gari. Fuata waya mweusi kutoka hasi ya betri mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Chomoa hasi kwanza, fungua nati, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza vizuri, ndipo upake grisi juu.

Kisha pima kwa mita. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma karibu volti 12.6, ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki chini ya 13, fundi atazame altaneta, ile inayochaji betri, na mkanda wake.

Na tafadhali sana, fyuzi ikiungua usitie ya ampea kubwa zaidi, wala kipande cha waya! Nyaya za ndani ya dashibodi zitashika moto, na msimu huu una magunia ya karafuu nyuma.

Hilo joto la miguuni, tazama vizibo vya mpira pale nyaya zinapopita kutoka kwenye injini. Vikikatika, hewa ya moto huingia. Kiti mpe fundi makochi, abadilishe sponji tu.