Kalamu iweke chini kwanza

Usisaini. Nimesoma uzi wako mpaka pale unaposema "kesho saa nne tunakutana kwa mtendaji tuyamalize kiutu uzima", nikaacha chai inapoa. Mdogo wako kagongwa na Kenta pale njia panda ya Mnazi Mmoja, mguu umevunjika, wiki ya pili hii hajakanyaga chini, mwenye gari anatoa milioni moja na nusu, na kuna bwana mmoja "anayejua sheria" keshaandaa karatasi. Unauliza kama kuna haja ya wakili au atakula hela yote, wakili anachaji kiasi gani, na dada yako afanyeje kuhusu matunzo ya mtoto aliyetelekezewa. La dada tuliache kwa leo, linataka uzi wake. Leo ni huo mguu, maana huo mguu naujua, ninao hapa chini ya meza.

Novemba 2016, msimu wa korosho umepamba moto, nilipanda bodaboda stendi ya Mkanaledi hapa Mtwara naelekea Naliendele. Pikapu imejaza magunia ikachomoka njia ya vumbi bila hata kupunguza mwendo. Dereva wa bodaboda alichubuka kiwiko. Mimi muundi ulikatika vipande vitatu, na ndala ya kushoto sijaiona mpaka leo.

Siku ya tisa, bado nimelala chali, mwenye gari akaja na kuku wawili na machozi. Mzee wa heshima zake, kanzu safi, anamwita mama yangu dada. Mama akaniinamia, "Mwanangu, huyu ni mtu mzima, tusimdhalilishe." Nyuma yake kijana mmoja suruali imenyooka, faili kwapani. Mtaani tulimwita mwanasheria. Nilikuja kujua baadaye kwamba kazi yake ni kujaza fomu za watu kibarazani jirani na mahakama, na cheo cha mwanasheria alijipa mwenyewe, kama wale wanaojiita madokta kwa kuuza mizizi. Kishoka, tena kishoka mwenye makali.

Akaniambia mambo matatu: ukienda bima utazungushwa miaka kumi, wakili atachukua nusu, hapa unapata taslimu leo hii. La tatu lilikuwa kweli, ndiyo maana nikayaamini yale mawili.

Karatasi ilichanwa kwenye kaunta buku. Maneno ninayo kichwani, sihitaji kuitazama: "Nimepokea shilingi 1,200,000 na sina madai mengine yoyote, leo wala baadaye, kwa mwenye gari, dereva wala kampuni ya bima." Wakati naisoma, kishoka amekaa ukingoni mwa kitanda changu anafyonza bibo, tunda la mkorosho, tone likadondokea pembeni ya karatasi. Nikaweka dole gumba. Karatasi hiyo ninayo hadi leo kwenye mfuko wa nailoni. Wino wa dole umefifia, doa la bibo liko palepale. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa, doa la bibo halisikii sabuni.

Kwenye ile 1,200,000 kishoka alikata 150,000 ya muhuri. Muhuri gani wa laki na nusu, wa dhahabu? Nilikuwa na maumivu, sikuuliza. Sasa nauliza humu, miaka yote hii imepita, najua hajibu.

Miezi minne baadaye mfupa ukawa haujaunga. Daktari akasema lazima wafungue upya waweke chuma. Pamoja na nauli za Dar na mtu wa kunisindikiza, ilikula kama 2,800,000, na hapo sijahesabu miezi ambayo randa ilining'inia ukutani, maana mimi ni seremala na useremala ni kazi ya kusimama. Mikorosho 35 ya urithi wa baba kule Newala ikaenda. Ile mikorosho inazaa mpaka leo, kila mnada wa Oktoba namsikia aliyeinunua anavyochekacheka. Faida niliyobaki nayo ni kwamba mguu unatabiri mvua mapema kuliko watu wa hali ya hewa.

Sasa sikiliza kinachoniuma kuliko mikorosho. Yule mzee nilimwonea huruma bure! Nilidhani nikidai zaidi atauza nyumba. Kumbe bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria kwa kila chombo cha moto barabarani, na kazi yake ni hiyohiyo, kumlipa mtu wa nje aliyeumizwa au familia ya aliyefariki. Gari lilikuwa na stika hai kiooni. Hela isingetoka kwenye kanzu yake. Alichokikimbia yeye ni kesi ya trafiki ya kijana wake na gari kulala kituoni katikati ya msimu. Mimi nikamlipia msimu wake kwa muundi wangu.

Halafu huyo kishoka, Mungu anamwona, alinimalizia. Aliniambia kwa kuwa tumeshapatana nisihangaike kwenda kutoa ushahidi kwenye kesi ya trafiki, "ni usumbufu tu". Sikwenda. Kesi ikafa. Nilipokuja kuamka na kwenda bima, dada wa mapokezi alinitajia wanachotaka: PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ramani ya ajali ya polisi, ripoti ya ukaguzi wa gari, ripoti ya daktari inayotaja asilimia ya ulemavu, na nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki. Hukumu ya kesi iliyokufa unaitoa wapi? Akanionyesha na nakala ya karatasi yangu mwenyewe. Walikuwa nayo. Hata doa lilitoka kwenye fotokopi.

Wakili wa kweli nilimwendea Machi 2020. Mama wa makamo, ofisi ndogo, feni inalia. Aliisoma ile karatasi haraka kuliko ninavyoandika sentensi hii, akavua miwani. "Ulisaini mwenyewe?" Ndiyo mama. "Ajali lini?" Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole. Akasema ningekuja mapema tungeweza kubishana mahakamani kwamba nililaghaiwa nikiwa kitandani, mikataba ya namna hiyo inapingika. Lakini madai ya kuumizwa kwa uzembe wa mtu yana miaka 3 tangu siku ya tukio, na mimi nilikuwa na miaka 3 na miezi 4. Nikamuuliza kusomewa tu karatasi kama ile anachaji kiasi gani. Akasema kwa mtu kama mimi 50,000. Nilicheka nikiwa peke yangu kwenye bajaji, dereva akanitazama kwenye kioo.

Kwa hiyo mimi kanuni yangu ni moja na nimeilipia: wakili anaitwa kabla ya saini. Baada ya saini unamwita aje kuosha maiti. Mkichubuana, suruali ikachanika, malizaneni kwa mjumbe mnywe na soda, sina neno. Lakini mfupa umevunjika, au mtu amelazwa, au amekufa, au mtu yeyote amekuja na karatasi yenye maneno "sina madai mengine", hapo hakuna kiutu uzima. Na usikubali kiasi chochote kabla daktari hajasema kwa maandishi mguu umepona au ulemavu ni asilimia ngapi. Wiki ya pili hata daktari mwenyewe hajui, yule bwana wako anayejua sheria atajulia wapi?

Tena muulize namba yake ya uwakili. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili, unaingiza jina kwenye simu unaona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Kishoka ukimtajia tu hilo neno utaona anakumbuka ana msiba Nachingwea.

Hela hamna, najua, hakuna aliyegongwa akiwa na hela. Nenda halmashauri uulizie msajili msaidizi wa msaada wa kisheria, yupo kwa sheria ya 2017, atakuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa. Wale wasaidizi wa kisheria wa vijijini hawasimami mahakamani kwa niaba yako, ila karatasi wanaijua kuisoma, na hapo ulipo ndicho unachohitaji. Kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria ikipita huko, panga foleni. Na bima ikija kukataa au kukupa kiduchu, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, unapeleka malalamiko hata bila wakili. Mdogo wako alikuwa kazini siku hiyo? Hukusema. Kama mwajiri wake alimtuma, ulizia na WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, huo ni mlango mwingine kabisa na ufunguo hana mwenye Kenta.

Kesho saa nne nenda, usikimbie, wataona mna dharau. Kaa, salimia wakubwa, sikiliza. Piga picha stika ya bima kama ipo kiooni, au namba ya gari tu, bima inahakikiwa mtandaoni kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Waombe nakala ya hiyo karatasi, sema baba mkubwa yuko Masasi lazima aione kwanza. Huku kwetu hakuna anayeweza kumbishia baba mkubwa ambaye hayupo. Kisha hapohapo nenda polisi uulize kesi ya trafiki iko hatua gani, na tarehe ikipangwa mdogo wako aende hata kwa kubebwa kwenye guta.

Wakileta kuku, pokeeni, mgonjwa anywe supu. Mimi wale wawili ndio pekee nilionufaika nao.